Neno "Huut": Samaki, Nyangumi au Dubwana la Baharini?

(Mada iliyowasilishwa mbele ya wazazi na walimu wa madrasa, Kiwalani, Dar es Salaam)

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Muumba wa nchi kavu na bahari na vilivyomo ndani yake. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Maswahaba wake na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baad.



Mada tuliyopewa siku ya leo ni ya neno moja tu. Wapo watakaoona kuwa si busara kuwakusanya watu baada ya sala ya Adhuhuri, na wengine wamefunga biashara zao, kwa ajili ya neno la Kiarabu lenye herufi tatu. Nasi tulikuwa na fikra hiyo hiyo mpaka yalipotufika haya tutakayoyaeleza.

Tulikuwa tukisomesha Surat As-Saaffaat, tukafika katika kisa cha Nabii Yunus (a.s.). Tulipolifikia neno "al-huut" tuliwaambia watoto kuwa ni nyangumi, kama tulivyoambiwa na walimu wetu tulipokuwa wadogo. Tukaongeza kuwa nyangumi ni samaki mkubwa kuliko samaki wote. Tukaliandika hilo ubaoni na watoto wakalinakili katika madaftari yao. Hapo alisimama kijana mmoja wa miaka 14, mwanafunzi wa sekondari, akasema: "Ustadh, shuleni tumefundishwa kuwa nyangumi si samaki. Anazaa, ananyonyesha, na anavuta hewa kwa mapafu kama sisi. Na tafsiri ya Qur'an iliyomo kabatini imeandika samaki. Sasa nani amekosea?"

Darasa zima lilinyamaza. Nasi, badala ya kumjibu, tulimwambia kuwa shetani anamchezea, aombe msamaha na akae chini. Akakaa. Kuanzia siku ya pili yake hakuonekana tena.

Baada ya majuma mawili alikuja baba yake. Hakuja kwa ugomvi, na laiti angekuja kwa ugomvi ingekuwa nafuu kwetu. Alisema kwa upole: "Sheikh, mwanangu amekataa kurudi. Anasema hawezi kusoma mahali ambapo kuuliza ni dhambi. Na sasa anawaambia wadogo zake kuwa Qur'an imekosea kuhusu nyangumi."

Hebu tuzingatie, ndugu zetu. Maneno hayo mazito hayakuletwa na adui wa dini, wala na kitabu cha makafiri. Yaliletwa na tafsiri yetu ya neno moja, tuliyoichukua bila ya kuihakiki, kisha tukaitetea kwa ukali. Tulirudi nyumbani usiku ule tukafungua vitabu ambavyo tulikuwa navyo siku zote.

Jambo la kwanza tuliloliona ni kwamba neno hili limetajwa katika Qur'an mara tano. Mara mbili linahusu kisa cha Yunus (a.s.): katika Surat As-Saaffaat aya ya 142, na katika Surat Al-Qalam aya ya 48 anapoitwa mwenzi wa huut. Mara moja limekuja kwa wingi, "hiitaan", katika Surat Al-A'raaf aya ya 163, katika habari za watu wa mji wa pwani waliokuwa wakijiwa na samaki siku ya Sabato kwa ajili ya mtihani. Hao ni samaki wa nyavu, samaki wa kuvuliwa na kuliwa. Mara mbili zilizobaki ziko katika Surat Al-Kahf, aya ya 61 na ya 63. Na hapa ndipo tulipoweka kitabu chini tukajicheka wenyewe. Nabii Musa (a.s.) na kijana wake walisafiri wakiwa wamechukua huut. Hadithi iliyomo katika Sahihi Bukhari na Muslim inaeleza kuwa alikuwa amewekwa ndani ya kikapu, naye ndiye chakula chao cha njiani.

Ndani ya kikapu! Mama zetu wanaokwenda Feri alfajiri kuchukua vibua na changu, wakaja kuwakaanga hapa Bombom jioni, wanajua kikapu kinaingia samaki wa kiasi gani. Kama huut maana yake ni nyangumi, basi Nabii Musa na kijana wake walibeba nyangumi kikapuni. Tumeyasoma maneno hayo tangu utotoni, tumeyahifadhi, tumeyafundisha, na hata siku moja hatukuyaweka pamoja na neno la Surat As-Saaffaat tukaona kuwa ni neno lile lile.

Wanazuoni wa lugha wao waliliona zamani. Ibn Manzur, aliyefariki mwaka 711 Hijria (1311), ameeleza katika kamusi yake ya Lisaan al-Arab kwamba huut ni samaki, na kwamba wapo waliosema ni samaki aliye mkubwa. Kuhusu asili, Ibn Faaris, aliyefariki mwaka 395 Hijria, amelirejesha katika maana ya kutotulia na kukwepakwepa. Waarabu humwambia mtu anayekukwepa katika mazungumzo, huku na huku bila ya kushikika, kuwa "anakuhaawit", na ndege azungukaye juu ya maji bila kutua husemwa hivyo pia. Kwa hiyo samaki ameitwa huut kwa sababu ya mwendo wake. Yeyote aliyewahi kujaribu kumshika samaki hai kwa mkono ataielewa asili hiyo bila ya kamusi. Katika shina la neno hakuna dubwana, hakuna kutisha, wala hakuna ukubwa. Hadi leo watu wa Morocco, Algeria na Tunisia wakikuambia wamekula huut mchana, wamekula samaki wa kawaida.

Sasa litakuja swali: Je, huut hawezi kuwa nyangumi kabisa? La, anaweza. Ushahidi wake uko katika hadithi ya Jabir bin Abdillah (r.a.), kuhusu jeshi la watu 300 lililotumwa pwani chini ya uongozi wa Abu Ubayda bin al-Jarraah (r.a.). Chakula chao kiliwaishia mpaka kila mtu akawa anapewa tende moja kwa siku, kisha wakala majani ya miti, na jeshi likaitwa kwa jina la majani hayo, al-Khabat. Hapo bahari ikawatupia kiumbe kikubwa mfano wa kilima. Wakala kwa nusu mwezi au zaidi, kwa kutofautiana mapokezi. Walichota mafuta katika tundu la jicho lake, watu 13 wakakaa ndani ya tundu hilo, na ubavu wake uliposimamishwa alipita chini yake ngamia mrefu akiwa amepandwa. Waliporudi Madina wakamweleza Mtume (s.a.w.), naye aliwaambia kuwa hiyo ilikuwa riziki kutoka kwa Allah, akataka nyama yake, akala.

Kiumbe huyu jina lake mahsusi ni al-anbar. Ndiye nyangumi yule mkubwa mwenye meno, ambaye tumboni mwake hutengenezwa ambari, ile manukato ambayo wazee wetu wa pwani waliijua kabla ya marashi ya chupa. Al-Mas'udi, msafiri wa Baghdad aliyesafiri kutoka kisiwa cha Qanbalu kwenda Oman mwaka 304 Hijria (takriban 916), ameandika kuwa ambari iliyo bora ni ile ya bahari ya Zanj, yaani bahari yetu hii. Qanbalu wanahistoria wengi wanaiona kuwa ni Pemba. Kwa hiyo anbar si mgeni kwetu, na jina lake tumelichukua tukaliweka katika Kiswahili.

Lakini kinachotuhusu zaidi ni neno walilolitumia wapokezi. Katika moja ya mapokezi ya hadithi hii, Jabir anasema wakamkuta huut mfano wa kilima. Katika mapokezi mengine, yaliyomo kwa Muslim, yeye yule Jabir anasema wakamkuta "daabba" aitwaye al-anbar. Na daabba ni mnyama, kiumbe atembeaye. Kiumbe mmoja, tukio moja, ameitwa huut na ameitwa daabba, na hakuna Swahaba aliyeona kuwa pana mgongano. Kwao huut lilikuwa ni neno la viumbe vya majini vyenye umbo lile, kuanzia kitoweo cha Nabii Musa hadi kilima cha Abu Ubayda. Halikuwa neno la kupima nani ana mapafu na nani ana mashavu ya kuvutia maji.

Hapa kwetu Kiwalani tuna mfano unaopita juu ya mapaa yetu kila siku. Mtoto akisikia ngurumo kutoka kiwanja cha ndege husema "ndege hiyo", na asubuhi akiona kunguru juu ya mwembe husema "ndege huyo". Hakuna mwalimu wa sayansi aliyewahi kumwambia kuwa lugha yake imekosea kwa sababu chombo cha chuma hakitagi mayai. Neno limewekwa na watu kwa kuruka angani, na kila kirukacho limekipokea.

Na mambo haya hayakuwa ya Waarabu peke yao. Aristotle, zaidi ya miaka 300 kabla ya Masihi, aliandika kuwa pomboo na nyangumi huvuta hewa na hunyonyesha, lakini watu wa Ulaya waliendelea kuwaita samaki kwa karne nyingi baada yake. Mtaalamu wa Sweden, Linnaeus, aliwaweka katika kundi la samaki mwaka 1735, na hakuwatoa humo mpaka toleo la mwaka 1758. Hata mwaka 1818, katika mji wa New York, mahakama ilisikiliza kesi ya mfanyabiashara aliyedaiwa ada ya ukaguzi wa mafuta ya samaki kwa ajili ya mafuta ya nyangumi. Alijitetea kuwa nyangumi si samaki, akaleta mtaalamu wa elimu ya viumbe athibitishe hilo. Baraza la wazee wa mahakama likaamua kuwa nyangumi ni samaki! Basi tusimlaumu Mwarabu wa jangwani wa karne ya saba kwa kuwa na lugha pana.

Sasa dubwana limetoka wapi? Maana watoto wetu wakichora kisa cha Yunus (a.s.) hawachori samaki. Wanachora joka lenye meno kama misumari.

Katika Kitabu cha Yona cha Kiebrania mmezaji ameitwa "dag gadol", yaani samaki mkubwa, basi. Wayahudi wa Alexandria walipoyageuza maandiko yao kuwa Kiyunani, kabla ya Masihi, waliandika "ketos". Na ketos kwa Wayunani lilikuwa neno la dubwana lolote la baharini, likiwemo lile la hadithi zao lililotumwa kumla binti mfalme Andromeda aliyefungwa kwenye mwamba. Neno hilo likaingia katika Injili ya Mathayo, na Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ikalifasiri hapo kwa neno la nyangumi. Biblia ya Kiswahili iliyoenea hapa kwetu nayo inasema samaki mkubwa katika Kitabu cha Yona, na inasema nyangumi katika Mathayo. Nyangumi wetu wa ubaoni anafanana sana na huyo. Hatusemi kuwa walimu wetu walisoma humo. Tunasema kuwa maneno husafiri, na picha za vitabu vya watoto husafiri kwa kasi zaidi.

Ajabu ni kwamba Waarabu wenyewe walipokutana na ketos hawakulifasiri kwa huut. Abdurrahman as-Sufi, aliyeandika kitabu chake cha nyota mwaka 964, alilikuta kundi la nyota ambalo Wayunani waliliita Ketos. Waarabu wa fani hiyo wakaliandika kama lilivyo: "Qaytus". Kwa nini? Kwa sababu huut tayari alikuwapo mbinguni, naye ni samaki. Ipo Burji ya Huut, ambayo kila taifa humchora samaki, na ipo nyota inayong'aa upande wa kusini iitwayo Fam al-Huut, mdomo wa samaki. Wazungu nao wameichukua kwa jina hilo hilo, wanaiita Fomalhaut. Laiti huut lingekuwa na maana ya dubwana, wanajimu wale wasingehangaika kuazima neno la Kiyunani.

Mlango wa pili wa dubwana ni wa ndani ya nyumba yetu. Yunus (a.s.) ameitwa pia Dhun-Nuun, mwenye nuun. Nuun nalo ni samaki, neno la kale sana. Katika Kiaramu ni "nuna", na katika lugha ya watu wa Ninawa, ambao ndio Yunus aliotumwa kwao, ni "nunu". Lakini Surat Al-Qalam inapoanza kwa herufi Nuun, baadhi ya wasimulizi waliinyakua herufi hiyo wakasema kuwa ni samaki aliyebeba ardhi. Juu yake yuko fahali, juu ya fahali jabali, juu ya jabali ardhi, na samaki akitikisika ardhi nayo hutikisika. Ath-Tha'labi amempa samaki huyo hadi majina, akamwita Lutiya, na lakabu yake Bahamut. Mwenye kujua lugha za Kisemiti ataona mara moja wizi uliofanyika. Bahamut ni Behemothi wa Mayahudi, ambaye kwao ni mnyama wa nchi kavu, na Lutiya ni Lewiathani, joka la baharini. Jina la Lewiathani limetokana na maana ya kujipinda na kujikunja, kama Kiarabu "lawaa". Naye ni wa kale kuliko Mayahudi, kwani katika vibao vya udongo vya Ugarit huko Syria, vilivyoanza kufukuliwa mwaka 1929, anatajwa joka la namna hiyo lenye vichwa saba katika visa vya waabudu Baali.

Yaani joka la washirikina wa Ugarit limepita kwa Mayahudi, likabadilishana jina na ng'ombe njiani, likaingia katika vitabu vya visa, kisha likapumzika katika vibaraza vyetu vya pwani! Ibn Kathiir ametaja mapokezi ya samaki Nuun katika tafsiri yake, lakini kutajwa kwa kauli kitabuni si kuthibiti kwake. Hakuna hadithi sahihi ya Mtume (s.a.w.) inayosema kuwa ardhi imebebwa na samaki.

Wapo watakaosema hizi ni hadithi za kale, hazimdhuru mtu. Tarehe 26 Desemba 2004 lilitokea tetemeko chini ya bahari karibu na Sumatra. Mawimbi yake yaliua watu zaidi ya laki mbili katika nchi za Bahari ya Hindi, na hapa Dar es Salaam yaliondoka na roho za vijana waliokuwa wakiogelea. Juma lile tulimsikia kwa masikio yetu mzee mmoja, mtu wa swala tano, akiwaeleza watu msibani kuwa samaki mbeba dunia amegeuka ubavu. Na wazee wa pwani walikuwa wakisema kuwa mwezi ukipatwa amemezwa na chewa, wakatoka na makopo na masufuria wakayapiga ili autapike. Waarabu wa Iraq na Sham walikuwa na mchezo huo huo, na mmezaji wa mwezi kwao anaitwa huut. Ilhali Mtume (s.a.w.), siku jua lilipopatwa alipofariki mwanawe Ibrahim, alikataza kulifungamanisha na kufa kwa mtu wala kuishi kwake, akawasalisha watu. Sala hiyo ndiyo iliyoachwa, makopo yakashika nafasi yake.

Tulimwendea kijana nyumbani kwao. Hatukumwita madrasa, tulimwendea sisi, na tukaanza kwa kumtaka radhi mbele ya baba yake. Kisha tukamfungulia Al-Kahf, tukamwachia asome mwenyewe habari ya kikapu. Alicheka. Tukamsomea hadithi ya al-anbar kwa mapokezi yake yote mawili, tukamwambia: Mwalimu wako wa shule amesema kweli, nyangumi hunyonyesha. Qur'an imesema kweli, Yunus alimezwa na huut. Aliyekosea ni sisi, kwa kusema kuwa nyangumi ni samaki na kwamba ndiye huut peke yake. Huenda alikuwa anbar, huenda alikuwa samaki ambaye hatujamwona. Allah hakumtaja kwa aina yake, wala hakutaja idadi ya siku. Waliosema siku tatu, saba au arobaini, hizo ni kauli zao.

Akauliza tena, na safari hii hatukumkaripia: "Ustadh, alipumuaje humo ndani?" Tulimjibu kuwa katika hilo hatuna la kumfungulia kitabuni. Allah ametueleza kuwa alimhifadhi kwa tasbihi yake na akamtoa ufukweni hali ya kuwa mgonjwa, hakutueleza namna. Hiyo ni amri Yake, haipimwi kwa desturi za samaki wala za nyangumi. Alinyamaza kidogo, akasema jibu hilo analikubali kuliko lile la kwanza.

Amerudi darasani tangu Jumatatu.

Wazazi wetu, madaftari ya darasa lile tumeyakusanya yote juzi. Pale palipoandikwa kuwa huut ni nyangumi na nyangumi ni samaki tumepakata kwa wino mwekundu, na pembeni tumeandika maana sahihi kwa mkono wetu. Watoto watayarudisha nyumbani leo jioni. Mtakapoiona alama hiyo nyekundu msimgombeze mtoto, kosa hilo ni la mwalimu.

Wabillahi tawfiiq. Maswali tutayapokea baada ya sala ya Alasiri, inshaallah.